Saa ya Kutulia

Mlango ulifunguliwa na yule yule aliyefuatwa.

"Shikamoo," alisema kijana, akanyoosha mikono miwili kuupokea mkoba.

"Marahaba. Wewe ndiye Gwakisa?"

"Ndiyo, mimi."

Sekela Mwaijande alimwachia mkoba, akabaki kizingitini akifuta tope la viatu. Isyesye yote ilikuwa imefunikwa na ukungu asubuhi ile, na magoti yake, ambayo tangu avuke miaka hamsini yalikuwa yakimpa habari za hali ya hewa kabla ya redio, yalikuwa yakimuuma. Alimtazama kijana kwa pembe ya jicho. Miaka kumi na sita, mrefu, mabega yameanza kutanuka, sweta la shule limemfupia mikononi. Hakuwa na sura ya mtu aliyemvunja mama yake mkono. Lakini katika miaka yote ya kazi hii Sekela hakuwa amekutana na sura ya namna hiyo. Wote walikuwa na sura za watoto.

Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, Sikio lilikuwa limebandikwa ukutani kama sheria inavyotaka: kidude cheupe cha mviringo, hakizidi kisahani cha chai. Jina lake la serikali lilikuwa refu, Kipimo cha Ukali wa Vijana kwa Wazazi, na hakuna aliyelitaja isipokuwa kwenye semina. Sikio halikujali maneno. Lilisikiliza kimo cha sauti, uzito wa nyayo sakafuni, kishindo cha mlango. Lilipokea mapigo ya moyo na jasho la ngozi kutoka kwenye bangili ambayo kila mtu wa nyumba hiyo aliivaa usiku na mchana. Lilichanganya yote hayo likatoa alama, kuanzia moja hadi saba. Moja ni kununa. Saba ni mtu kuumia. Nyumba ya Ambakisye Mwakatumbula ilikuwa imetoa tano na sita mara kwa mara tangu mvua zikatike, na juzi ikatoa saba. Ndipo ofisi ikamtuma Sekela, mhakiki wake.

"Karibu dada, karibu kiti," alisema mama mwenye nyumba. Aliitwa Atuganile, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo jeupe la plasta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. "Gwakisa, mchemshie mgeni chai. Tia na tangawizi."

Kijana akaenda jikoni. Mama alingoja mpaka aliposikia maji yanamiminwa kwenye sufuria, kisha akasogea ukingoni mwa kochi.

"Dada, niseme kitu kabla hajarudi."

"Sema, mwalimu."

"Niandike mimi."

"Nikuandike nini?"

"Kwamba mimi ndiye mkali. Namfokea, namtukana, namnyima chakula. Weka lolote unaloona litafaa. Zile sababu za kijamii, si zinapunguza alama za mtoto?"

Sekela alishusha pumzi. Zilipunguza, ndiyo. Orodha ilikuwa na sababu ishirini na mbili: nyumba ya kubanana, msiba, mzazi mlevi, mzazi hayupo, mzazi mkali, na nyinginezo. Kazi ya mhakiki ilikuwa kuingia ndani ya nyumba, kunusa, kuuliza, na kusema ni ipi kati ya hizo iliyomsukuma kijana. Kila sababu iliyothibitishwa ilipunguza mzigo wa mtoto na kumtwisha mtu mwingine. Pasipo sababu, alama saba ilikuwa ni kambi ya malezi, mwaka mzima, bila kutembelewa.

"Ukiandikwa mzazi mkali, hutaruhusiwa tena kukaa darasani na watoto wa watu."

"Najua."

"Na ni kweli unamtukana?"

Atuganile alilitazama hogo lake kama kitu alichoazimwa. "Andika tu, dada yangu."

Haikuwa mara ya kwanza. Akina mama walikuwa wamejisingizia mbele ya Sekela kwa namna zote, na wahakiki wenye huruma walikuwa wamewaandikia, na maandishi hayo yote yalipelekwa makao makuu kulifundisha Sikio. Likafundishika. Siku hizi lilikuwa limeanza kumshuku mama hata pale kijana anapovunja sahani akiwa peke yake nyumbani. Sekela alilijua hilo, na kujua kulimchosha kuliko kupanda vilima vya Mbeya.

"Baba Gwakisa yupo?" aliuliza.

"Yupo." Atuganile alielekeza kidevu kwenye mlango wa mwisho wa ukumbini. "Yupo kazini."

*

Chumba kilikuwa na giza na joto la mashine. Ambakisye alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu kilichofungwa sakafuni, kofia nyeusi imemfunika macho na masikio, glavu za nyaya mikononi. Mikono yake ilikuwa ikienda hewani polepole, kama ya mtu aliyebeba kabati na kutafuta pa kulitua. Mbali sana kutoka pale, kaskazini ya Chunya, chini kabisa ndani ya mgodi, ambako binadamu havumilii joto kwa muda mrefu, mkono wa chuma ulikuwa ukienda vile vile. Ulikuwa umeshikilia dari la mwamba huku mafundi wakipita chini yake kusimika nguzo.

"Taratibu," alikuwa akisema ndani ya kofia. "Taratibu, wanangu. Hapo hapo. Msikimbie. Baba amelishika."

Juu ya stuli, pembeni yake, palikuwa na chakula kilichofunikwa. Sekela aliinua kifuniko kwa kidole. Ugali ulikuwa umeota ufa.

Alitoa kishikwambi chake. Kumbukumbu za nyumba zilisema: wazazi wawili, wote wapo. Bangili ya baba haikuwa imetoka ndani ya kuta zile kwa karibu miaka mitatu, isipokuwa kwenda kanisani na hospitali. Katika nyumba zote za kata hiyo hakukuwa na baba aliyekuwa nyumbani kumzidi yeye.

Aliurudisha mlango bila kishindo, akatokea uani. Gwakisa alikuwa ameshatenga chai mezani na sasa alikuwa akiwapa sungura majani ya kabeji.

"Wako?"

"Wa mama."

"Niambie ya juzi, mwanangu."

Kijana aliendelea kupitisha majani kwenye wavu. "Nilimsukuma. Akaangukia kwenye ngazi ya jikoni."

"Alikuwa amekuudhi?"

"Hapana."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Niandike tu, mama. Ni mimi nimefanya."

Sekela alisimama akiwatazama sungura. Alikuwa amezoea nyumba ambazo kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na kati ya vidole vile ndipo ukweli ulipojitokeza. Hapa kila mtu alitaka aandikwe yeye.

"Baba yako akizungumza kule ndani, unamsikia?"

Mkono wa kijana ulisimama kwenye wavu. "Anawaita wanangu," alisema. "Wale wa chini."

*

Alikwenda kukaa kwenye mgahawa wa Uyole uliokuwa na moto wa mkaa, akaagiza supu, akafungua michoro ya Sikio mezani.

Hasira ya mtoto kwa mzazi ina umbo lake, na Sekela alilijua kama mpishi anavyojua maji yanayokaribia kuchemka. Huanza na moyo kwenda mbio, viganja vikatoa jasho, sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Huchukua muda. Hata kwa wale wenye mkono mwepesi, kuna kilima kabla ya pigo.

Gwakisa hakuwa na kilima. Ukiacha mara ya kwanza, moyo wake ulikuwa ukienda kama wa mtu anayesoma gazeti, kisha ghafla kishindo, kelele, alama tano, na kengele ya Sikio kulia. Hakukasirika kabla wala baada.

Akatazama mstari wa mama. Hapo akaiacha supu. Moyo wa Atuganile ulianza kwenda mbio kabla ya kishindo. Mara ya kwanza tangu mvua zikatike haikuwa hivyo. Mara ya pili pia. Lakini kuanzia hapo, kila mara, mama alijua kinakuja kabla hakijaja.

Kisha akatazama kilichofuata baada ya kengele, sehemu ambayo hakuna mhakiki anayeisoma kwa kuwa huko hakuna alama. Mioyo mitatu ilikuwa mahali pamoja. Sauti za chini, vijiko, na mara mbili au tatu mtikisiko ambao Sikio lilishindwa kuupa jina na Sekela akaujua mara moja. Ulikuwa kicheko.

Kengele iliwekwa kwa sababu nzuri. Miaka michache nyuma, katika mji mmoja, mama alipigwa na mwanawe hadi akapoteza jicho huku mumewe akiwa chumba cha pili, kofia masikioni, akichimba. Nchi nzima ilishtuka. Sheria ikatungwa kwamba alama tano na kwenda juu ziikate kofia papo hapo, popote ilipo, na mzazi asiweze kuivaa tena mpaka nyumba imalize saa nzima ya utulivu. Watu wakaiita saa ya kutulia. Katika nyumba ya Mwakatumbula, hakukuwa na kitu kingine duniani kilichoweza kuikata kofia ile kabla zamu haijaisha.

Akampigia simu mkuu wake, Bwana Ngailo.

"Nimepata chanzo," alisema. "Ni kengele yetu."

"Imeharibika?"

"Inafanya kazi vizuri sana. Kijana anamshambulia mama yake ili kengele ilie, ili baba atoke chumbani."

Upande wa pili ilisikika sauti ya kiti kikisogezwa. "Hiyo ni sababu namba ngapi?"

"Haina namba."

"Mama Mwaijande, mimi nakuheshimu sana. Kipimo hakiwezi kuwa sababu. Kipimo ni kipimo. Ukiandika hivyo watafanya mambo mawili: wataitenganisha kengele na kofia za nchi nzima, na kijana ataenda kambini vile vile, maana mkono umevunjika na sababu haipo kwenye orodha. Chagua iliyopo. Mama yuko tayari kuandikwa, sivyo?"

"Yuko tayari."

"Basi."

Sekela alikata simu. Supu ilikuwa imeganda mafuta juu. Akainywa hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumwita mhudumu.

*

Aliporudi, mama na mwana walikuwa sebuleni wakimenya viazi. Mama akivishikilia kwa mkono wa hogo, mwana akikata. Walipouona uso wake wakaacha.

"Mwalimu," alisema Sekela akiketi, "mara ya kwanza alikupiga kweli?"

Atuganile aliweka kiazi chini.

"Michoro inaonyesha alivunja kioo cha kabati," alisema tena Sekela, "baba yake akatoka mbio. Mkakaa naye saa nzima. Siyo?"

"Alikuwa amekasirika kweli siku ile," Atuganile alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa amefaulu mtihani, akaenda kumwambia baba yake. Akasimama pale mlangoni na karatasi yake mpaka akachoka. Akaja huku akapiga kioo ngumi. Kengele ikalia, baba yake akatoka. Tulikula pamoja. Akaisoma ile karatasi yote."

"Na safari zilizofuata?"

"Mama, mwache," Gwakisa alisema. "Ni mimi."

"Si wewe peke yako." Atuganile alimgeukia Sekela, na sauti ya kubembeleza ikawa imemtoka. "Nilijua, dada. Nilijua kuanzia mara ya tatu. Nilikuwa nikimwona anasimama, anaweka kitabu chini, ananitazama. Nami sikusema acha. Siku nyingine nilipika kuku kabisa, nikamwambia, leo gonga meza tu, usinishike. Sikio halikuridhika na meza. Likawa linataka zaidi. Juzi alinisukuma, nikarudi nyuma, sikukumbuka kuna ngazi." Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika. "Mwalimu wa watoto, mimi. Nimemfundisha mwanangu kunipiga ili nile na mume wangu."

Kutoka chumba cha mwisho ilisikika sauti ya mwanamume ikisema taratibu, taratibu.

"Nitamngoja," alisema Sekela.

Zamu iliisha jua likiegemea mlima. Ambakisye alitoka akishika ukuta, macho mekundu, miguu mizito. Alikuwa mwanamume mpana aliyekwisha nyama za mapajani. Alimsalimia mgeni kwa adabu, akamwomba radhi kwa kuchelewa, akaketi. Sekela akamweleza yote, bila kuzunguka, kwa kuwa alijua akizunguka hatafika. Kanuni zilimkataza kuisomea familia michoro yake. Alisoma.

Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, na swali hakumwelekezea mgeni bali mwanawe. "Unajua kengele ikilia, kule chini kunatokea nini?"

Gwakisa alitikisa kichwa.

"Mkono wangu unaganda. Unaganda pale pale ulipo, na watu wako chini yake, na mimi siwaoni wala hawanisikii. Huwa wanatoka mbio. Juzi kijana mmoja, Kenani, alikuwa anakaza boliti. Jiwe likateleza. Vidole vyake vimebaki kule."

Gwakisa alisimama, akatafuta pa kwenda, hakupaona. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, akaficha uso kwenye magoti.

"Nilidhani ni bahati mbaya," Ambakisye aliendelea. "Nilidhani mwanangu ameingiwa na kitu. Nimekuwa nikimwombea kule ndani huku nafanya kazi."

"Hakujua, baba Gwakisa," alisema mkewe.

"Najua hakujua!"

Sikio ukutani likawaka taa ya njano, likazima. Halikuhesabu sauti za baba.

Sekela aliwawekea mambo mezani kama yalivyo. Akiandika kwamba hakuna sababu, kijana ataenda kambini. Akiandika mama mkali, mama ataacha kufundisha, na utakuwa uongo. Ukweli wa kengele hauna namba, lakini yeye atautoa hata hivyo, kwa sababu ya Kenani na wenzake. Kwa hiyo baada ya muda mfupi kengele haitaikata kofia tena. Ilibaki sababu moja iliyokaribia ukweli.

"Ipi?"

"Mzazi hayupo."

Ambakisye alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Mimi?"

"Inapunguza alama za kutosha. Gwakisa atabaki."

"Mama, mimi sijatoka nje ya nyumba hii. Sinywi. Silali nje. Nilikaa kwenye mabweni ya mgodini tangu huyu hajaota meno, nikawa namwona Krismasi tu. Walipoleta kofia nikawa wa kwanza kuiomba. Niliomba kofia ili niwe nyumbani! Sasa uniandike sipo?"

"Kibali cha kofia hupewa mzazi aliyepo," alisema Sekela. "Nikiandika hivyo utanyang'anywa. Sikufichi. Watataka urudi mabwenini."

"Yaani unaandika sipo, halafu wananiondoa ili nisiwepo."

"Ndiyo."

Alicheka, kicheko kikavu. Alimgeukia mkewe kutafuta mtu wa kumuunga mkono. Atuganile alikuwa akipangusa viganja kwa kanga, polepole.

"Chakula chako cha jana nilikitoa leo asubuhi," alisema. "Cha leo bado kiko pale."

Alilisema bila ubaya wowote, kama anavyotoa taarifa kwamba chumvi imekwisha. Ambakisye alibaki akiitazama mikono yake, na Sekela aliona vidole vikicheza kidogo hewani, vikishika kitu ambacho hakikuwepo.

"Huyu ana kimo gani sasa?" aliuliza baadaye, akimwonyesha kijana aliyekuwa sakafuni. "Hata sijui. Kila nikitoka namkuta ameketi."

Alimtazama tena, kisha akamgeukia Sekela.

"Andika sipo."

"Watakurudisha mabwenini, mume wangu."

"Siendi mabwenini. Nitawapa kofia yao."

"Utafanya nini?"

"Sijui, mama Gwakisa. Sijui kabisa." Alijipangusa uso. "Andika, dada. Kabla sijaogopa."

Sekela aliandika. Kidole chake kilikuwa kizito. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kwamba kengele ndiyo iliyokuwa ikimwita baba, na kwamba watu wanaumia chini, waitenganishe. Alipomaliza hakusikia nafuu yoyote. Alikuwa amemwokoa mmoja kwa kumvua mwingine kofia, na watu wa nyumba nyingine zenye kofia wangefungiwa mlango wao pekee wa kumtoa mzazi chumbani, bila kuulizwa. Atuganile alimsindikiza hadi barabarani. Hakumshukuru, na Sekela hakutegemea.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Atuganile aliuliza walipoagana.

"Mwalimu, sijui," alijibu Sekela. "Nimechoka hata kujua."

*

Kofia ilichukuliwa wiki ile ile. Kengele nazo zilitenganishwa na kofia za nchi nzima, kama Bwana Ngailo alivyosema, na gazeti moja likaisifu ofisi kwa kuwajali wachimbaji. Mvua za kwanza zilipoanza kunyunyiza, Ngailo alipiga simu.

"Ile nyumba yako ya Isyesye. Imepanda."

"Imepanda vipi?"

"Tano, sita, tano, sita. Wiki nzima. Na safari hii ni kwa baba. Mama Mwaijande, sababu yako haikufua dafu. Nenda ukamalize. Ikiwa saba, huna tena cha kupunguza."

Alienda akiwa na moyo uliolala. Njia nzima aliuona mwisho: kijana kwenye gari la kambi, mama mlangoni, baba aliyeacha kazi bure. Alipokata kona aliisikia kengele ikilia hadi barabarani. Jirani mmoja alikuwa akianika nguo bila hata kugeuza shingo.

Atuganile alimfungulia. Hogo lilikuwa limetolewa, mkono umekonda na kupauka. Ndani kulikuwa na harufu ya udongo. Magunia ya mbegu za viazi yalikuwa yameegemezwa kwenye kochi.

"Za shamba la kaka yangu, kule Isyonje," alieleza akipaza sauti kuishinda kengele. "Wanalima wote wawili. Karibu, dada. Inalia tangu asubuhi, samahani."

"Wako wapi?"

"Uani."

Sekela alitoa kishikwambi. Alama sita, ikipanda. Kwa kanuni alitakiwa kuingia kati yao mara moja. Kutoka nyuma ya mlango wa uani sauti ya Gwakisa ilikuwa imepasuka, nusu ya mtoto na nusu ya mwanamume.

"Hukuja! Darasa la saba nilisoma shairi mbele ya wazazi wote, hukuja!"

"Nilikuwa kazini!"

"Ulikuwa hapa! Ulikuwa hapa hapa ndani! Ni shule ile pale, inaonekana!"

"Nani alikuwa analisha nyumba?"

"Sikutaka chakula!"

Kitu kizito kilitupwa chini, jembe pengine. Sekela alishika mkoba akainuka, magoti yakalia.

"Kaa, dada," alisema Atuganile.

"Ni sita, mwalimu. Akimgusa baba yake..."

"Anaweza kumgusa." Atuganile aliutazama mlango. "Jana walishikana mashati. Wakaachana. Jioni nilikuta huyu mdogo anampaka mwenziwe mafuta ya mgongo, bado wamenuniana." Alivuta kiti, akaketi. "Sisemi kwamba ni vizuri. Inanitisha. Lakini sikupanga mimi."

Sekela alitazama michoro. Kilima kilikuwepo. Moyo wa kijana ulikuwa umeanza kupanda tangu asubuhi, ukashuka, ukapanda, jasho, sauti, kilima kirefu chenye miamba, hasira ya kweli ya mtoto wa mtu. Moyo wa baba ulikuwa ukipanda nao sambamba. Wa mama ulikuwa umetulia.

"Sikuja," sauti ya Ambakisye ilisema uani, chini zaidi. "Haya. Sikuja. Ulisoma shairi gani?"

"Sitaki kukwambia!"

"Basi usiniambie! Lakini shika gunia!"

Kidole cha Sekela kilikuwa juu ya kishikwambi. Kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Moja ingeita gari. Nyingine iliandikwa Mhakiki amefika, nayo ilimaanisha kwamba lolote litakalotokea kuanzia hapo liko juu ya kichwa chake. Akafikiria miaka aliyobakiza kazini, akaona ni michache, akabonyeza ya pili. Kengele ikakatika. Katika ukimya ule, ugomvi wa uani ukasikika vizuri zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Ambakisye alisimama pale, tope hadi magotini, shati limekatika kifungo, kifua kikipanda na kushuka. Alimwona mgeni, akajaribu kujiweka sawa.

"Habari za siku, dada. Tuwie radhi." Aligeuka akatazama uani, akarudisha uso. "Utusubiri kidogo. Hatujamaliza kugombana."

Akaufunga mlango nyuma yake, kwa upole, akarudi kwa mwanawe.

Sekela alivua viatu vyake vyenye tope, akasogeza gunia la mbegu kupata nafasi kwenye kochi, akakaa kuwasubiri.